Gari kuyumba kasi inapopanda: Kiini, dalili na tiba

MADEREVA wanaosafiri kutoka Meru hadi Nairobi kupitia Embu hukutana na barabara mbili katika safari moja. Kati ya Nkubu na Runyenjes, njia hupanda na kuteremka, ikijipinda kila inapokaribia mmojawapo wa mito inayotiririka kutoka Mlima Kenya, kama vile Mutonga, Nithi na Thuci. Baada ya mji wa Embu, miinuko hupungua na lami hunyooka kuelekea nyanda za mpunga za Mwea hadi Makutano.

Ni katika sehemu hiyo tambarare ambapo gari lenye kasoro hujifichua. Mshale wa kasi unapovuka kilomita 80 kwa saa, usukani huanza kutetemeka mikononi. Wakati mwingine gari hutangatanga baina ya mstari wa kati na ukingo wa lami, au sehemu ya nyuma hupepesuka kana kwamba inataka kuipita ya mbele. Dereva husingizia upepo wa lori alilopishana nalo. Akifika gereji, husema tu, "Nifanyie alaimenti." Hulipa, hurudi barabarani, na wiki moja baadaye ugonjwa ni ule ule.

Alaimenti ni tiba ya baadhi ya magonjwa hayo, wala si yote. Kuyumba ni dalili, jinsi homa ilivyo dalili. Daktari anayetoa dawa ya malaria kwa kila mwenye homa atawaponya baadhi na kuwazika wengine. Fundi naye hana budi kuuliza gari linayumba vipi, kwa kasi gani, likiwa na mzigo au tupu, na likifungwa breki au likiachwa litembee. Majibu ya maswali hayo manne humfikisha karibu kabisa na kifaa kilichoharibika kabla hajagusa spana.

Hesabu ya kasi

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita takriban mita 28 kila sekunde. Iwapo mwelekeo wake utapotoka kwa nyuzi 1 tu, litasogea kando karibu nusu mita kwa sekunde moja. Barabara ya kawaida ya lami ina upana wa takriban mita 3.5 kwa kila upande, na gari dogo lina upana wa mita 1.7. Ina maana kwamba dereva aliye katikati ya upande wake amebakiwa na chini ya mita moja kulia na kushoto. Akikosa makini kwa sekunde mbili, ameuvuka mstari.

Isitoshe, nishati ya gari hufuata mraba wa kasi. Kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, nishati ambayo breki na matairi yanapaswa kuidhibiti huongezeka karibu maradufu. Nguvu zote hizo hupitia sehemu nne za mpira zinazogusa lami, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia kiganja cha mkono. Ndiyo sababu uchunguzi wowote wa maana huanzia kwenye matairi, wala si kwenye mashine ya alaimenti.

Matairi kwanza

Jambo la kwanza ni upepo. Tairi lenye upepo haba hujipinda pembeni, kwa hivyo gari huchelewa kuutii usukani, kisha hutii kupita kiasi. Likiwa na upepo mwingi mno, hudunda na kugusa lami kwa sehemu ya katikati pekee. Kipimo sahihi hakipo katika kumbukumbu ya kijana anayejaza upepo kwenye kituo cha petroli. Kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi yanayoingizwa nchini yakiwa yametumika hutoka Japani, na vibandiko vyake vimeandikwa Kijapani, ila tarakimu husomeka na kila mtu: kPa 220 ni sawa na psi 32, na kPa 240 ni psi 35. Aghalabu pana vipimo viwili, cha gari lisilo na mzigo na cha gari lililopakiwa, na tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Upepo hupimwa matairi yakiwa baridi. Aliyejaza alfajiri katika baridi ya Timau kisha akateremka hadi joto la Isiolo ataona kipimo kimepanda bila mtu kuongeza chochote, kwa kuwa psi huongezeka kwa takriban 1 kila joto linapopanda kwa nyuzi 5 au 6. Kuupunguza upepo huo matairi yakiwa moto ni kosa, kwani yatakapopoa yatakuwa na upungufu.

Jambo la pili ni umri. Kwenye ubavu wa tairi, baada ya herufi DOT, huwa kuna tarakimu nne za mwisho. 2319 humaanisha tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotumika. Hukauka, hupata nyufa na nyaya za ndani huanza kuachana na mpira. Tairi la mtumba lenye meno marefu linaweza kuwa na miaka 10, nalo huuzwa kwa maneno matamu. Likivimba mahali pamoja, gari hupiga mdundo kama mguu wa kilema, polepole katika mwendo mdogo na kwa haraka kasi inapopanda. Tairi kama hilo halibalansiwi. Hutupwa.

Jambo la tatu ni herufi ya kasi, iliyo mwishoni mwa maandishi ya ukubwa. N ni kilomita 140 kwa saa, Q ni 160, S ni 180, T ni 190 na H ni 210. Tarakimu zinazoitangulia huonyesha uzito ambao tairi linaweza kubeba: 82 ni kilo 475 na 88 ni kilo 560. Anayelitoa tairi la mizigo kwenye gari la mizigo na kuweka la saluni kwa sababu linaingia kwenye rimu amebadilisha kitu asichokiona. Vivyo hivyo anayechanganya aina mbili za matairi kwenye ekseli moja.

Uchakavu wenyewe husomeka kama maandishi. Tairi likiisha kingo zote mbili, upepo umekuwa haba. Likiisha katikati, umezidi. Likiisha upande mmoja pekee, gurudumu limeinama. Kiganja kikipitishwa juu ya meno na kuhisi makali kama ya msumeno upande mmoja na ulaini upande wa pili, pua za magurudumu hazijalingana. Mabonde yaliyopishana kuzunguka tairi huashiria shokabsoba zilizokufa au gurudumu lisilobalansi.

Usukani unaotetemeka

Tetemeko linaloanza karibu na kilomita 80 kwa saa, likafikia kilele kabla ya 110, kisha likapungua, karibu kila mara ni la gurudumu lisilobalansi. Gurudumu la gari dogo huzunguka karibu mara 15 kwa sekunde gari linapokwenda kilomita 100 kwa saa. Kipande cha risasi chenye gramu 20 kikidondoka kwenye ukingo wa rimu ya inchi 14, upungufu huo huzaa mvuto wa takriban kilo 3 unaoizunguka ekseli mara 15 kila sekunde. Magurudumu na viungo vyake navyo vina mtetemo wao wa asili, ambao katika magari mengi madogo ni wa mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Mitetemo hiyo miwili inapokutana, hukuzana, na usukani huwa kama umeshika mashine ya kusaga.

Kuna madereva ambao wamejifunza kuikimbia dalili hii kwa kuongeza kasi hadi itoweke. Ni werevu wa hatari, maana kinachotoweka ni hisia mikononi, ilhali nguvu inayoharibu beringi na viungo vya usukani imezidi.

Tetemeko likisikika mikononi, magurudumu ya mbele ndiyo ya kushukiwa kwanza. Likisikika kwenye kiti na sakafu zaidi kuliko kwenye usukani, tazama ya nyuma, au rodi inayopeleka nguvu za injini nyuma kwa magari kama Hilux na Hiace. Likitokea wakati wa kufunga breki pekee, tatizo ni diski za breki ambazo unene wake haulingani, na hakuna balansi itakayoliponya.

Kabla ya kubalansi, fundi anapaswa kuliinua gari kwa jeki na kulizungusha gurudumu akiwa ameweka kidole au kalamu karibu na ukingo wa rimu. Rimu iliyopinda itaonekana ikikaribia na kuachana na kalamu. Matuta yasiyo na alama karibu na masoko, pamoja na mashimo yanayojitokeza baada ya mvua za masika, hupinda rimu nyingi, na mashine ya balansi inaweza kuongeza risasi juu ya rimu iliyopinda hadi taa yake ionyeshe kwamba kila kitu ni shwari. Gurudumu litakuwa na uzani sawa lakini bado litakuwa yai. Vilevile, tope jekundu lililokauka ndani ya rimu, jambo la kawaida kwa magari yanayotoka mashamba ya majani chai na kahawa, hutosha kuvuruga balansi. Kuna wakati ambapo tiba nzima ni ndoo ya maji na brashi.

Gari linalotangatanga

Ugonjwa wa pili ni wa gari lisilotetemeka wala kuvuta upande mmoja, ila halitulii. Dereva analazimika kulirekebisha kila mara, kidogo kulia, kidogo kushoto, na baada ya saa mbili mabega yamekufa ganzi. Hapa ndipo pembe za magurudumu zinapohusika. Pembe hizo ni tatu.

Ya kwanza mafundi huiita tou. Huonyesha iwapo pua za magurudumu mawili ya mbele zinakaribiana au zinaachana. Zikiwa zinaachana kwa milimita 3 kwenye matairi yenye kipenyo cha sentimita 60, magurudumu hayo mawili yanataka kutengana kwa mita 5 katika kila kilomita. Kwa kuwa hayawezi, huburuzana, na gari humfuata anayeshinda kwa wakati huo. Hiki ndicho kipimo ambacho hata fundi wa jua kali mwenye uzi na utepe wa kupimia anaweza kukirekebisha vyema akiwa mwangalifu. Hupima umbali kati ya mistari miwili ya katikati ya matairi kwa mbele, kisha kwa nyuma, na kulinganisha.

Ya pili ni kemba, yaani kuinama kwa gurudumu likitazamwa kutoka mbele. Hii hula matairi zaidi kuliko inavyoyumbisha gari, isipokuwa pande mbili zikitofautiana sana.

Ya tatu ni kasta, nayo ndiyo isiyoeleweka na wengi. Ni ulalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, likitazamwa kutoka ubavuni. Mhimili huo ukilalia nyuma, gurudumu hufuata njia lenyewe, jinsi magurudumu ya toroli yanavyojipanga nyuma ya mhimili wake. Ndiyo nguvu inayourudisha usukani katikati baada ya kona. Kasta ikipungua, usukani huwa mwepesi na mtamu mjini, lakini kwa kilomita 100 kwa saa gari halijui liendako. Uzi hauwezi kupima kasta. Ni lazima mashine.

Hata hivyo, pembe hizo hazina maana viungo vikiwa vimelegea. Fundi anayefanya alaimenti kabla ya kukagua bushi, boljointi na tairodi anapima kitu ambacho kitabadilika gari likishafika kwenye lango. Ukaguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Gari likiwa limeinuliwa na kuegemezwa kwenye vishikizo imara, gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa. Mchezo ukionekana, beringi au boljointi imelegea. Kisha hushikwa kulia na kushoto. Mchezo hapo ni wa tairodi au raki ya usukani. Gari likirudishwa chini, mtu mmoja huutikisa usukani kidogo huku na huku injini ikiwa imezimwa, na mwenzake akiweka vidole juu ya kila kiungo. Kiungo kilichochakaa hugonga vidoleni. Boljointi ya chini katika magari mengi madogo hukagulia kwa kuibembea na mtaimbo, kwani mkono pekee hauna nguvu za kuifichua.

Sehemu ya nyuma husahaulika mno. Bushi za nyuma zikiisha, ekseli hujigeuza kidogo kila mzigo unapohama, na gari hujiongoza kutoka nyuma bila idhini ya dereva. Katika pikapu zenye springi za bamba, bolti ya katikati ikikatika au zile za umbo la U zikilegea, ekseli nzima husogea upande mmoja. Gari huanza kutembea kama kaa. Mtu aliye nyuma yake barabarani hulitambua kabla ya mwenyewe.

Kuhusu kuvuta upande mmoja, tahadhari moja inafaa. Barabara huinamishwa kando ili maji ya mvua yaondoke, na kwa kuwa Kenya huendesha upande wa kushoto, gari zima likiachiliwa litaelea kushoto polepole. Hilo si kosa la gari. Likivuta kwa nguvu, au likivuta kulia, badilisha matairi ya mbele, la kulia liende kushoto. Mvuto ukihama, tairi ndilo lenye hatia. Usipohama, gusa rimu kwa uangalifu baada ya safari: iliyo moto kuliko mwenzake huonyesha breki inayoshika bila kuambiwa.

Shokabsoba na springi

Shokabsoba haibebi gari. Kazi hiyo ni ya springi. Shokabsoba huizuia springi isiendelee kudunda baada ya kugonga shimo, na hivyo kuliweka tairi kwenye lami. Ikifa, gari huelea kama mashua kila linapovuka mawimbi ya barabara, hulala sana kwenye kona na huongeza umbali wa kusimama. Kipimo cha zamani cha kulikandamiza gari kwenye kona ya boneti na kuliachilia bado kina manufaa: likipanda na kushuka zaidi ya mara moja na nusu, shokabsoba imekwisha. Lakini ikifaulu jaribio hilo isihesabiwe kuwa nzima. Zichunguzwe pia dalili za mafuta yanayovuja kwenye mwili wake.

Hapa ndipo eneo la Meru na Embu lina somo lake mahsusi. Miraa ya Igembe na Tigania, sawa na muguka wa Mbeere, hupoteza ladha na thamani baada ya siku 2 hivi. Kila saa inayopotea njiani ni hasara ya mkulima, ya mchuuzi na ya mwenye gari, na dereva ndiye hubebeshwa mzigo wa kuifidia kwa mguu wake. Magari yanayotumiwa zaidi ni Hilux na Toyota Probox. Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 kama gari dogo la kusambazia bidhaa, na kikomo cha mzigo wa toleo la vani kilikuwa kilo 400 likiwa na watu wawili, au 250 likiwa na watano. Yeyote aliyewahi kutazama Probox ikipakiwa magunia alfajiri anajua kwamba tarakimu hizo zilibaki Japani.

Ili kubeba zaidi, wamiliki huweka springi ngumu na ndefu za nyuma, au hupachika raba kati ya mapindo ya springi. Gari likiwa tupu, mkia huinuka na pua huinama. Kuinama huko hupunguza kasta ya magurudumu ya mbele, kwa hivyo gari lililokuwa tulivu likiwa na mzigo hurejea kutoka Nairobi likitangatanga. Likipakiwa kupita kiasi, hasa mzigo ukiwa nyuma ya ekseli, hali hugeuka. Mkia huzama, matairi ya mbele hupungukiwa na uzito wa kuyashikiza, na taa huangaza matawi ya miti na macho ya wanaokuja. Dereva akigeuza usukani ghafla, mzigo ule wa nyuma huwa kama jiwe mwishoni mwa kamba. Ukishaanza kupepea, haurudi upesi.

Kosa linalofuata ni kuziacha shokabsoba za awali. Springi ngumu hurudisha nguvu nyingi zaidi, na shokabsoba iliyotengenezewa springi laini haiwezi kuituliza. Gari hudunda badala ya kuelea, na tairi linalodunda limeacha lami. Anayebadilisha springi abadilishe shokabsoba pia, apime pembe upya, na arekebishe taa. Gharama ni kubwa, ndiyo. Lakini anayeiamua si yule anayekaa nyuma ya usukani, na pengo hilo kati ya mwenye pesa na mwenye roho hatarini halijazibwa na kifaa chochote cha gereji.

Mteremko wa Nithi

Kuyumba kwa kasi si jambo la barabara zilizonyooka pekee. Daraja la Nithi, katika Kaunti ya Tharaka Nithi kati ya Chuka na Nkubu, hufikiwa kwa mteremko mkali wenye kona pande zote mbili. Mnamo Julai 24, 2022, basi la abiria lililotoka Meru lilivunja kingo za daraja hilo na kutumbukia bondeni, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maafisa wa serikali walisema wakati huo kwamba huenda breki zilishindwa.

Breki hushindwa kwa njia inayofahamika. Zikikandamizwa mfululizo kwenye mteremko mrefu, joto hupita kutoka kwenye pedi hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita. Yale ya kiwango cha DOT 3 huchemka kwa nyuzi 205 yakiwa mapya, lakini yakishafyonza maji kiwango cha chini kinachokubaliwa ni nyuzi 140. Ya DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka, viputo vya mvuke hujaa mabombani, na pedali huzama hadi sakafuni bila kusukuma chochote. Kubadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka 2 ni miongoni mwa huduma za bei nafuu zaidi katika gari, na miongoni mwa zinazopuuzwa zaidi.

Dawa ya dereva ni gia. Kanuni ya wazee wa barabara ilikuwa kuteremka kwa gia ile ile ambayo gari lingehitaji kupandia mlima huo, na kuichagua kabla ya mteremko kuanza. Magari ya kisasa yana nguvu zaidi na hupanda kwa gia za juu, kwa hivyo leo inafaa kushuka gia moja zaidi. Hata yenye gia za kujiendesha huwa na alama za L, 2 au B kwa kazi hiyo. Breki nazo hukandamizwa kwa nguvu kwa muda mfupi na kuachiliwa zipoe, badala ya kushikiliwa kidogokidogo hadi chini.

Likianza kuyumba barabarani

Gari likiyumba ghafla, mguu utoke kwenye mafuta polepole, usukani ushikwe kwa mikono miwili, na breki ziachwe hadi gari litulie. Tairi likipasuka, kanuni ni hiyo hiyo: kuliweka gari kwenye mstari wake na kuacha mwendo upungue wenyewe. Kufunga breki kwa nguvu huhamishia uzito mbele na kuifanya nyuma kuwa nyepesi, na mkia uliokuwa unapepea hupata uhuru. Katika barabara ya Nanyuki kupitia Timau, ambako mashamba ya ngano hayana miti ya kukinga upepo, magari marefu na mepesi kama Noah na Hiace husukumwa kando hata yakiwa hayana ila. Hapo hakuna cha kurekebisha isipokuwa kasi.

Sheria nayo imeweka mipaka. Matatu, mabasi na magari ya biashara hayapaswi kuvuka kilomita 80 kwa saa, na kila gari hupaswa kupunguza hadi 50 katika miji na vituo vya biashara. Vidhibiti mwendo vilipata nguvu kupitia kanuni zilizotangazwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, ambazo zilianza kutekelezwa Februari 2004. Tangu kubuniwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) kwa sheria ya mwaka 2012, jukumu la ukaguzi wa magari liko mikononi mwake. Pikapu na Probox za mizigo ni magari ya biashara pia, ingawa mwendo wake hauonyeshi kwamba wenyewe wanalijua hilo.

Utaratibu gerejini

Mpangilio wa kazi una umuhimu kuliko ubora wa mashine. Upepo na hali ya matairi hukaguliwa kwanza, kisha rimu na balansi, kisha viungo na beringi, kisha bushi, springi na shokabsoba, halafu breki. Alaimenti huja mwisho, gari likiwa na upepo sahihi na mzigo wa kawaida. Likiwa limeondolewa magunia lakini bado lina springi za magunia, vipimo vitakuwa vya gari jingine.

Mteja anayo haki ya kuomba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, magurudumu yote manne. Ikiwa fundi amepima ya mbele pekee, hajui iwapo ekseli ya nyuma inaelekea mahali pamoja na ya mbele. Usukani ukiwa umeinama upande mmoja gari linapokwenda wima, kazi haijakamilika, hata karatasi ikisema vingine.

Majaribio yafanywe kwa hatua, kwanza kilomita 50 kwa saa, kisha 80, kwenye kipande kilichonyooka na kisicho na msongamano, na fundi akiwa ndani ya gari. Nati za magurudumu, pamoja na bolti za umbo la U za springi zilizofunguliwa, hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa kuwa vyuma vilivyofungwa upya hukaa vizuri na kulegea kidogo katika safari ya kwanza. Kwa gari lililotengenezwa Meru mjini asubuhi, umbali huo unaishia kati ya Chuka na Runyenjes. Spana ya nati basi iwe ndani ya gari, wala isibaki gerejini.